Mgeni Katika Dunia ya Gielinor: Ushauri kwa Wanaoanza Mchezo wa Mtandaoni

 

Tunaposimama mbele ya hadhara kama hii kwa niaba ya Mamlaka, watu wamezoea kutusikia tukizungumzia usajili wa laini, gharama za bando na ujumbe wa matapeli. Leo tumeombwa kuzungumzia mchezo. Huenda baadhi ya wazazi wanajiuliza ni lini chombo cha udhibiti kilianza kuwafundisha watoto kucheza. Jibu letu ni kwamba mchezo wa mtandaoni ni huduma kama huduma nyingine. Una mtoa huduma, una mkataba, una bei, una walaghai wanaouzunguka, na mara nyingi anayeutumia ni kijana aliyeshika simu ya mama yake, simu ileile yenye pesa ya mboga na ada ya shule. Hapo ndipo sisi tunapoingia.

Michezo ya namna hii, ambayo mtu huumba mhusika wake na kumkuza hatua kwa hatua miongoni mwa maelfu ya watu wengine, ni mingi mno. Ili tusizungumze hewani tumechagua mmoja, uitwao Old School RuneScape. Tumeuchagua kwa sababu sehemu yake kubwa huchezwa bure, hauhitaji simu ya gharama, na historia yake ina mafunzo mengi kwa mtumiaji wa huduma yoyote. RuneScape ya kwanza ilitolewa mwaka 2001 nchini Uingereza na ndugu wawili, Andrew na Paul Gower. Kampuni inayouendesha, Jagex, ina makao yake Cambridge. Toleo tunalolizungumzia lilifunguliwa mwaka 2013, likajengwa juu ya nakala ya mchezo huo ya mwaka 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, baada ya wachezaji wa zamani kupiga kura kutaka warudishiwe walichokizoea. Mwaka 2018 likaingia kwenye simu za mkononi, na kwa njia hiyo likawafikia vijana wengi ambao hawana kompyuta nyumbani.

Mgeni akishajiandikisha huanzia kwenye kisiwa cha mafunzo, kisha hupelekwa katika mji mdogo wa Lumbridge. Hapo hana kitu. Ana shoka hafifu, wavu wa kuvulia dagaa, upanga wa shaba nyeusi na shilingi zisizotosha kununua lolote la maana. Ndipo linapozuka swali ambalo kila mgeni huuliza: nitapandaje ngazi haraka?

Kwanza tuelewe ngazi zenyewe zilivyo. Mchezo una stadi zaidi ya 20: kupigana, kuvua, kupika, kukata miti, kuchimba madini, kufua vyuma na nyinginezo. Kila stadi ina ngazi kuanzia ya 1 hadi ya 99, na ngazi hupandwa kwa kukusanya pointi za uzoefu. Ngazi ya 2 yahitaji pointi 83 tu. Utazipata kabla chai haijapoa. Ngazi ya 50 yahitaji pointi 101,333. Ngazi ya 99 yahitaji pointi 13,034,431. Tazameni sasa ajabu ya hesabu hiyo: aliyefika ngazi ya 92 ana pointi 6,517,253, yaani amefika nusu ya safari tu. Amebakiza ngazi saba, lakini kazi iliyobaki ni sawa na yote aliyokwisha kuifanya. Kwa wastani, kila ngazi saba hivi, jumla ya pointi zinazotakiwa huongezeka maradufu.

Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu lina uzito kwa mfuko wa mtumiaji. Mwanzoni mchezo hukupa tuzo kila baada ya dakika chache, nawe huzoea. Baadaye tuzo huja kwa nadra, na pengo hilo ndilo ambalo muuzaji wa njia za mkato hulitumia. Kijana anayejua mapema kwamba ngazi zimepangwa hivyo kwa makusudi hatapata hofu kwamba yeye ni mzembe, wala hataona sababu ya kumlipa mtu ampandishe.

Njia iliyo bora kwa mgeni ni majukumu, yaani visa vidogo ambavyo mhusika hutumwa kuvikamilisha. La kwanza wanalolifanya wengi liko jikoni mwa ngome ya Lumbridge. Mpishi amepewa kazi ya kuoka keki ya siku ya kuzaliwa ya mtawala, na hana vifaa. Wewe unatumwa yai, maziwa na unga. Yai utaliokota bandani kwa kuku, maziwa utayakamua mwenyewe, na ngano utaivuna shambani na kuipeleka kinuni kusaga. Ukimaliza unapata pointi 300 za upishi, lakini faida kubwa zaidi ni kwamba umeujua mji na barabara zake. Lipo jukumu jingine la bure, The Knight's Sword, ambalo hutoa pointi 12,725 za ufuaji vyuma kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa ngazi ya 1 huruka hadi ya 29. Linahitaji ngazi ya 10 ya uchimbaji madini, na njia yake hupita kwenye pango lenye majitu ya barafu yanayomshambulia mpita njia, kwa hiyo mgeni abebe chakula cha kutosha na asisimame kushangaa. Ukilinganisha na saa ambazo mtu angezitumia kugonga chuma kimoja kimoja, hakuna ubishi.

Katika kupigana kuna kosa moja ambalo wageni hulirudia. Alama ya panga zilizopishana hufungua mitindo ya mapigano, na mtindo uliouchagua ndio unaoamua stadi gani itakua: usahihi wa shambulio, nguvu au ulinzi. Asiyeufungua ukurasa huo hukuza stadi moja kwa siku nzima bila kujua, kisha hushangaa kwa nini hawezi kushika upanga bora zaidi. Anzeni na kuku na ng'ombe walio jirani na Lumbridge. Manyoya ya kuku na ngozi za ng'ombe huuzika, hivyo mgeni hukuza ngazi na mfuko kwa pamoja.

Kuhusu bando hatutasema mengi. Kabla ya kununua kifurushi kikubwa, tazama salio la MB, cheza saa moja, kisha tazama tena. Namba utakayoiona kwenye simu yako ni ya kweli kuliko makisio ya rafiki. Na programu ya mchezo ipakuliwe kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Mafaili yanayosambazwa katika makundi ya WhatsApp kwa ahadi ya toleo lenye sarafu nyingi, au programu zinazodai kukuchezea wakati umelala, ni mlango wa wizi. Na hata zingekuwa safi, kutumia programu inayocheza kwa niaba yako ni kinyume cha kanuni za mchezo na akaunti yako inaweza kufungwa moja kwa moja.

Sasa tufike kwenye pesa. Mchezo una sehemu ya bure na sehemu ya wanachama, ambayo ina miji, stadi na majukumu mengi zaidi. Uanachama hulipiwa kwa mwezi au kwa kipindi kirefu zaidi. Ushauri wetu kwa mgeni ni kutolipa chochote katika wiki zake za kwanza. Sehemu ya bure inatosha kabisa kukujulisha kama unaupenda mchezo. Ukiamua kulipa kupitia duka la programu la simu, fahamu kwamba malipo ya aina hiyo kwa kawaida hujirudia yenyewe kila kipindi kinapokwisha, mpaka uingie kwenye ukurasa wa malipo na kuyasitisha. Kuufuta mchezo kwenye simu hakusitishi malipo. Wazazi, tunaomba mlishike hilo, kwani ndilo chanzo cha makato ambayo mtu huyaona kwenye kadi yake bila kukumbuka alikubali lini.

Kuna pia kitu kiitwacho bondi. Mchezaji mmoja huinunua kwa fedha halisi kutoka kwa kampuni, kisha akipenda humuuzia mchezaji mwingine kwa sarafu za mchezoni, katika soko kuu liitwalo Grand Exchange. Anayeinunua huibadilisha kuwa siku 14 za uanachama. Ndiyo njia halali ya asiye na fedha kuupata uanachama kwa jasho la vidole vyake. Lakini bei yake kwa sarafu hupanda na kushuka kama bei ya nyanya sokoni, na mgeni anayejitwisha mzigo wa kuitafuta kila baada ya siku 14 hugeuza burudani kuwa kibarua. Tumeona ni vema kulisema hilo waziwazi.

Nje ya njia hiyo, kununua au kuuza sarafu za mchezo kwa fedha halisi ni marufuku. Wapo watakaokuambia kwamba marufuku hiyo ni ubahili wa kampuni. Historia inasema vingine. Kufikia mwaka 2007, biashara ya wauza sarafu ilikuwa imekua kupita kiasi, na sehemu yake ilihusisha kadi za benki zilizoibwa, ambazo wenye kadi walipogundua walidai fedha zao zirudishwe. Mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2008, kampuni ilichukua hatua kali: ikaondoa mapigano huru ya wachezaji katika eneo la Wilderness na kuwekea mipaka biashara kati ya mchezaji na mchezaji, hata rafiki akashindwa kumpa rafiki yake zawadi ya thamani. Wachezaji wengi waliondoka kwa hasira. Uhuru huo haukurudishwa mpaka Februari 2011, baada ya kura. Walaghai walikuwa sehemu ndogo, lakini waliolipa gharama ni wote.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wanaotafuta riziki. Venezuela ilipoingia katika hali ngumu ya uchumi, wapo raia wake walioshinda siku nzima wakiua mazimwi ya kijani katika mchezo huu ili wauze sarafu na kununua chakula. Ni habari ya kuhuzunisha, na hatuna haja ya kuwahukumu. Ila kijana wa hapa anayenunua sarafu kutoka kwa mtu asiyemjua hana njia ya kujua kama anamsaidia mwenye njaa au anampa mwizi namba za kadi ya mzazi. Na sarafu zisipofika, hakuna mahali pa kudai: kampuni haitakusikiliza kwa sababu umevunja kanuni zake, na muuzaji yuko nchi nyingine.

Tuje kwenye kuishi na watu. Gielinor, kama dunia ya mchezo huo inavyoitwa, ina adabu zake, nazo hazitofautiani sana na za kijijini. Mgeni husalimu. Mgeni haombiombi. Kusimama sokoni na kuandika kwamba unaomba sarafu ni njia ya haraka kuliko zote ya kujipatia jina baya. Lakini ukiuliza swali mahususi, kwa mfano ni wapi penye mti wa mwaloni karibu na benki, utastaajabu jinsi wakongwe wanavyopenda kueleza. Lugha inayotumika zaidi ni Kiingereza, na cha kukatakata kinatosha. Hakuna anayesahihisha sarufi.

Baada ya siku chache utaalikwa kwenye klani, yaani kundi la wachezaji lenye viongozi wake na mazungumzo yake ya pamoja. Usijiunge siku hiyohiyo. Mchezo unaruhusu kuingia kama mgeni na kusikiliza. Kaa jioni mbili tatu usikie wanavyosemezana: je, anayekosea huelekezwa au hutukanwa? Wanazungumza nini kuhusu wanawake? Kiongozi anaomba michango? Klani njema haimwombi mgeni chochote zaidi ya uungwana. Vijana wa Kiswahili mkiwa watano au sita, hakuna kinachowazuia kuanzisha yenu, na kwa kweli tungefurahi.

Kwa wadogo zetu wa kike tuna neno la ziada. Mtu akianza kukuuliza umri, shule, picha au mahali unapoishi, huna deni la jibu, wala si utovu wa adabu kunyamaza. Mchezo una orodha ya kupuuza, ambayo humnyamazisha mtu kwako mara moja, na una kitufe cha kumripoti. Zingatieni hasa pale mtu anapowahimiza mhamie WhatsApp au Discord. Mkishahama, yale yatakayosemwa huko hayaripotiwi tena kwa wasimamizi wa mchezo, naye anapata namba yako ya simu. Ndugu wa kiume, nanyi yanawahusu. Matapeli hujifanya wasichana vilevile.

Ulaghai wa mchezoni mtautambua kwa urahisi, kwa kuwa ni binamu wa ule mnaoujua. Yupo anayesimama sokoni akitangaza kwamba ukimpa sarafu atakurudishia mara mbili. Ukimpa elfu moja, anakurudishia elfu mbili kweli. Ukimpa laki, anatoweka. Yupo anayedai anaweza kuipamba deraya yako kwa nakshi za dhahabu, umkabidhi kidogo tu. Stadi hiyo haipo. Yupo anayesema mchezo huficha nywila yako ukiiandika kwenye mazungumzo, jaribu uone. Usijaribu. Na yupo rafiki mpya anayekualika ukaone kitu kizuri kaskazini. Kaskazini ya Varrock na Edgeville kuna mtaro, na ng'ambo ya mtaro huo ndiko Wilderness, ambako mchezaji mwingine anaweza kukuua na kuchukua ulichobeba. Ukitaka kwenda kwa hiari yako, nenda, kunasisimua. Lakini beba kile tu ambacho hutaona uchungu kukipoteza.

Katika kubadilishana vitu, mchezo huonyesha dirisha la kwanza, kisha la pili la kuthibitisha. Dirisha la pili ndilo lenye ukweli. Mlaghai huweka kitu cha thamani, kisha hukitoa dakika ya mwisho na kukuhimiza ufanye haraka. Ni mbinu ileile ya ujumbe wa ile pesa tuma kwenye namba hii: anachokununua nacho ni haraka yako.

Waliobuni mchezo huu walifanya jambo ambalo sisi wa Mamlaka tunaliona kuwa la kupigiwa mfano. Chini ya kijiji cha Barbarian Village wamechimba handaki lenye orofa nne, Stronghold of Security. Kila mlango ndani yake humuuliza mchezaji swali kuhusu usalama wa akaunti: ufanye nini mtu akikuomba nywila, ufanye nini ukipata barua pepe ya kutiliwa shaka. Asiyejibu sawasawa hapiti. Anayefika mwisho hupata jumla ya sarafu 10,000 na jozi ya viatu. Kwa mgeni hizo ni sarafu nyingi. Nendeni huko katika siku zenu za kwanza, mkiwa na chakula, maana orofa za chini zina viumbe wakali.

Mkitoka humo, fanyeni mambo mawili siku hiyohiyo. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti na kwenye barua pepe iliyoisajili, kwani anayeishika barua pepe yako ameshika kila kitu. Kisha wekeni namba ya siri ya tarakimu nne kwenye benki ya mchezoni. Mtu akitaka kuiondoa bila kuijua, mchezo humsubirisha siku 3 au 7, kwa kadiri wewe ulivyochagua. Chagueni 7. Aliyesafiri kwenda kijijini kwenye mtandao hafifu atazihitaji zote.

Ikitokea umeibiwa, utaratibu ni huu. Akaunti yenyewe iombwe kwa mtoa huduma kupitia ukurasa wake rasmi wa msaada, si kupitia mtu anayejitangaza kuwa anarejesha akaunti. Hatuna uwezo wa kuiamuru kampuni iliyoko Uingereza ikurudishie sarafu, na si haki kuwapa matumaini hayo. Lakini fedha halisi zikichukuliwa hapa nchini, mambo ni tofauti. Piga simu benki au kwa mtoa huduma wako wa pesa mtandao dakika hiyohiyo uzuie muamala. Tunza picha za mazungumzo na namba ya muamala. Toa taarifa kituo cha polisi, kwa kuwa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini na kulaghai kwa kompyuta ni makosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Na kwa kuwa wengine huiba kitambulisho ili wasajili laini, piga *106# uone kama namba zilizosajiliwa kwa jina lako ni zako zote.

Jambo la mwisho ni simu za zamani. Vijana wengi humwachia mdogo wao simu au huiuza wanapopata nyingine. Kabla haijatoka mikononi mwako, hamishia programu ya uthibitisho kwenye simu mpya na uijaribu kwa kuingia mara moja, kisha toka kwenye akaunti ya mchezo na ya barua pepe, ondoa kadi ya malipo kwenye duka la programu, ndipo uifute simu yote. Wanaotaka tuwaonyeshe hatua hizo kwenye simu zao wabaki hapa mbele baada ya maswali. Tutakuwapo mpaka saa kumi.